Makelele ya ibada: wa kwanza kuumia ni watu wetu

Katika miji yetu ya mashariki, habari ya makelele ya makanisa inazungumzwa kama ugomvi kati ya waamini, majirani na serikali. Lakini walio karibu zaidi na bafle ni wanakwaya, wapiga vyombo na watoto wa viti vya mbele. Hao ndio wanaumia kwanza.

Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa bila hatari masaa 40 kwa juma. Ikifika 90, ni masaa 4 tu. Kesha moja linaweza kumaliza kipimo hicho. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa haziote tena. Ukitoka ibadani masikio yakilia, hilo ni onyo.

Ndugu wachungaji na wazee, hatuhitaji kungoja amri ya serikali. Tuinue bafle juu ya vichwa, tuhamishe watoto, tupunguze sauti. Ikiwa jirani wa kiti anapaswa kupaaza sauti ili umsikie, muziki umezidi. Tunaotaka watu wasikie Neno, tuwachungie masikio.