Viatu Kwanza, Tai Baadaye

Sisi tuliokwisha maliza shule twapenda sana kuwaasa wadogo zetu waendao Uingereza: chukueni suti, chukueni tai. Habari za viatu hatuziandiki. Naona tunakosa.

Nilipokuwa mwanafunzi huko nilikwenda Edinburgh kutembea siku moja, nami nimevaa viatu vya ngozi, soli laini kama sahani. Ngome iliyo juu ya mwamba niliitazama kwa nje tu, maana kiingilio kilinishinda. Nikateremka Royal Mile mpaka jumba la kifalme la Holyrood. Karibu yake pana kilima, Arthur's Seat, mita 251, mabaki ya volkeno iliyozimika zamani mno. Kukipanda hulipi hata senti.

Nikapanda. Upepo ule! Lakini mji aliosoma Mwalimu Nyerere, 1949 mpaka 1952, niliuona wote chini yangu, na ghuba ya Forth hata baharini.

Kushuka ndiko kulikonifedhehesha. Majabali ya kileleni yamesuguliwa na nyayo za watu hata yanateleza. Nilishuka kwa makalio mbele ya watoto wadogo, na kifundo cha mguu kikavimba wiki nzima.

Basi mwambieni mdogo wenu anunue viatu vya soli yenye meno kabla ya suti. Tai yangu siku ile ilikuwa mfukoni.