*PICHA YA LORI PEKE YAKE HAIMFUNGI MTU*



Wiki iliyopita grupu letu lilijaa picha za lori la mkaa lililopita Benaco usiku. Tumezitazama zote. Hazina tarehe, namba ya gari haisomeki, na hakuna anayejua mzigo ulitoka msitu gani. Kinachoonekana vizuri ni uso wa kijana mpakiaji, mtoto wa jirani yetu. Mwenye mzigo hayumo.

Hasira zenu tunazielewa. Wazee wetu wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa mji wa maturubai. Vilima vya jirani vilikatwa kuni mpaka vikabaki vipara. Wale walikata ili wapike, wapone. Anayekata leo kwa malori hana udhuru huo.

Kamati ya Tawi inapendekeza vijana wetu, pamoja na waandishi wa redio wa Ngara na Biharamulo, wapate mafunzo ya kuchunguza na kurekodi uhalifu wa mazingira.

*Kwanza, kufuata mzigo.* Nani alipewa kibali, cha eneo gani? Hati ya kusafirisha inasema magunia mangapi, na gari limebeba mangapi? Utafiti wa TRAFFIC wa mwaka 2007 kuhusu magogo ya kusini mwa nchi yetu ulilinganisha takwimu tu, ukakuta kwamba mwaka 2005 China iliandika kupokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi ya yale tuliyoandika sisi kuyauza huko. Karatasi nazo husema.

*Pili, kutunza ushahidi.* Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hupima ulivyorekodiwa na ulivyotunzwa. Video halisi ibaki kama ilivyo, bila kukatwa wala kuwekewa muziki. Andika saa, mahali na aliyekuwepo. Ikishazunguka magrupu ishirini, hakuna anayejua ilikotoka.

*Tatu, usalama.* Rodrigue Katembo, askari wa Hifadhi ya Virunga, Kongo, alirekodi kwa kamera ya siri jinsi rushwa ilivyotumika kutafuta mafuta ndani ya hifadhi. Mwaka 2013 alikamatwa, akashikiliwa siku 17 na kuteswa. Filamu ilitoka 2014 na dunia ikaona. Kijana wetu asiende porini peke yake kwa sababu grupu limempigia makofi. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 humlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema. Anayeirusha mtandaoni asitegemee kinga hiyo.

Sasa swali gumu: je, mwenye mzigo akiwa ni mwanachama wetu, tena mchangiaji wa tawi? Tunasema mapema, kabla jina lolote halijatajwa: taarifa yake iende kunakohusika kama ya mwingine yeyote. Kama hatuko tayari kwa hilo, tusianze. Ushahidi huu usiwe silaha ya kampeni, maana siku tukiutumia kumpiga mpinzani tu, hakuna mwanakijiji atakayetuamini tena.

Na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani asipigwe picha kama mhalifu. Anapika kwa kuni kwa sababu hana gesi. Kamera imtafute anayenunua kwa lori.

Picha za wiki iliyopita tunaomba mzifute ili kumlinda yule kijana. Mwenye video halisi aitunze, aione Kamati.

Tukutane ofisi ya tawi Jumapili, saa 9 alasiri, tujadili pendekezo hili na mchango wa nauli za washiriki. Asiyekubaliana nasi aje pia, aseme.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi, Idara ya Uenezi, Kasulo._