Msituuzie Kanada ya majani mekundu

Wasee, leo sina utani. Juzi nikishuka matatu tao niliona bango. Dem na kijana wameshika vitabu, wanacheka, na nyuma yao kuna miti ya majani mekundu kama moto. Juu limeandikwa kwa herufi kubwa: nafasi za Septemba bado zipo. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, jina la chuo. Chuo chenyewe kiko Winnipeg.

Hayo majani si ya Winnipeg. Nimeishi huko. Wekundu huo ni wa ile miti ya maple ya Ontario na Quebec, mbali sana upande wa mashariki. Kule nyanda za prairie miti mingi inageuka njano, inakaa hivyo wiki mbili tatu, halafu upepo unakuja kubeba kila kitu. Kwa hivyo hata picha ya kutuvutia wameiazima mkoa mwingine. Ni kama mtu akuuzie ploti ya Kajiado na picha ya Diani.

Mtasema ni jambo dogo, majani tu. Sasa sikiliza.

Mimi nilitua Winnipeg Agosti 2019. Mathe alikuwa amechukua mkopo wa sacco, na nilikuwa na jaketi moja la Gikomba, kali kabisa kwa Julai ya Nairobi. Ajenti wangu aliniambia nisijaze begi bure. "Septemba na Oktoba bado ni vuli, ni kama Limuru. Koti kubwa utanunua Desemba ukishapata kazi." Na kabla hamjaanza kuniambia ningetafuta kwa simu, nilitafuta. Wastani wa Oktoba mchana Winnipeg ni kama nyuzi 10 hivi. Nikasema si mbaya, Limuru asubuhi.

(Hata hilo neno vuli lilinichanganya. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, unabeba mwavuli na unapigana na matope. Kiswahili kikasaidia kunidanganya.)

Sasa tatizo la wastani ni hili: hakuna mtu anaishi ndani yake. Winnipeg iko katikati ya bara, tambarare kama meza, na upande wa kaskazini hakuna mlima wa kuzuia hewa ya Aktiki. Ikiamua kushuka, inashuka. Kutoka kusini nako kuna dhoruba zinazoundwa karibu na milima ya Colorado, zinapanda zikiwa zimebeba unyevu. Zikikutana juu ya kichwa chako mapema, Oktoba yako imeisha. Mwaka mmoja utavaa shati tarehe 12, mwaka mwingine utakuwa umefukiwa. Wastani unakupa nambari ya katikati ambayo haikutokea mwaka wowote kati ya hiyo miwili.

Na Oktoba 2019 ilikuwa ile nyingine. Kwanza mvua ilikuwa imepiga Septemba mpaka mto Red ukafura, na ule mfereji mkubwa wa kuokoa jiji na mafuriko, ambao huwa unatumika theluji ikiyeyuka, ukatumika msimu wa vuli kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kisha tarehe 10 mpaka 12 ikaja theluji. Si ile kavu ya sinema. Hii ilikuwa ya majimaji, nzito kama simenti, na ikakuta miti bado ina majani. Jani linashika theluji, tawi linashika majani, na tawi likizidiwa linakatika na kuangukia waya. Usiku unasikia miti ikivunjika mtaani, pah, pah, kama mtu anapiga risasi. Winnipeg ni jiji lenye miti mingi ya zamani, na hesabu ya iliyoharibika ilipita 30,000. Tarehe 13 mkoa wa Manitoba ukatangaza hali ya dharura. Mafundi wa stima wakaletwa kutoka Saskatchewan, Ontario mpaka Minnesota. Maelfu ya watu wa jamii za wenyeji wa asili wakahamishwa makwao kwa sababu hakukuwa na stima wala joto.

Hao ni watu waliozaliwa huko! Wana buti, wana magari yanayochomekwa kwa stima usiku injini isigande. Na bado waliumia. Mimi nilikuwa na raba za kitambaa.

Ijumaa hiyo tarehe 11 nilitoka kazini nikangoja basi mpaka vidole vya miguu vikaacha kuuma. Wenye wamekaa huko wanajua: baridi ikiuma uko sawa, ikiacha kuuma ndiyo uogope. Nilitembea. Nilifika kwa kachumba kangu ka chini ya nyumba nikakuta giza, stima zimeenda, na bila stima hata ile feni ya kusukuma hewa moto haizunguki. Nikavaa nguo zote nilizokuwa nazo, pamoja na taulo.

Usiku huo huo Kipchoge alikuwa anakimbia Vienna. Nyumbani ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa tatu na robo, Kenya nzima iko mbele ya TV. Kwangu ilikuwa saa saba na robo usiku na simu ilikuwa na asilimia 9. Niliizima nikaiwasha mara tatu. Nilipata ujumbe tu: 1:59:40. Nililia, na sijui hadi leo kama ni furaha ama ni miguu. Halafu mathe akapiga. Anapiga kelele, shosh anapiga kelele nyuma yake. "Umeona? Umeona?" Nikasema nimeona. "Na huko uko aje?" Nikasema niko fiti.

Na hapa nijitaje, juu sitaki kuonekana malaika. Jumatatu stima ziliporudi, nilitoka nje nikapiga picha kwenye theluji, jaketi la Gikomba, tabasamu kubwa. Nikaandika maneno ya kuonyesha nimeomoka. Watu 400 na kitu walipenda. Kijana wa kwetu mtaani aliniandikia, "Buda, nisaidie na mimi nije." Nilimpa nambari ya ajenti. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na ndiyo sababu naandika.

Maana bango haliuzi peke yake. Sisi ndio tunauza. Kila mse aliye majuu anayeweka picha ya kwanza ya theluji na kuficha ya miguu ni muuzaji asiyelipwa. Ajenti anajua hivyo. Analipwa ukilipa ada, hata ukitua katikati ya dhoruba yeye ameshamaliza na wewe. Hana haja ya kudanganya sana. Anasema "ni kama Limuru" na picha zetu zinamalizia.

Ile Oktoba nilinunua koti la dola 240 na buti za dola 130. Mshahara wa chini Manitoba ulikuwa ndio umepanda mwezi huo kuwa dola 11.65 kwa saa, na sisi wanafunzi tuliruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki nje ya chuo. Piga hesabu mwenyewe: wiki moja na nusu ya jasho kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya chakula. Hiyo pesa ningeijua Julai ningepanga. Mathe angeijua angepanga. Leo ni mbaya zaidi, kwa sababu tangu 2024 mwanafunzi lazima aonyeshe zaidi ya dola 20,000 za Kanada za kujikimu, kama milioni 2 zetu, nje ya karo. Watu wanauza mashamba. Halafu mtu aliyeuza shamba anaambiwa na ajenti asibebe koti?

Najua komenti zinakuja. "Wacha kutisha watu, Wakenya wamejaa huko na wanajenga." Kweli. Wamo Winnipeg, wamo Edmonton, wamo Regina, na wengi wako sawa kabisa. Mimi mwenyewe nilibaki nikamaliza, na kuna siku za Februari, jua kali na theluji inang'aa, ambazo nazimiss. Sijasema msiende. Nendeni. Lakini tofautisha kuvumilia kitu ulichojiandalia na kuvumilia kitu ulichofichwa.

Na hii ya "kaza, wewe ni mwanaume" mnaiandika mkiwa chini ya blanketi Kasarani. Barafu haijui jinsia ya kidole.

Kitu kinachonichoma zaidi ni kwamba tulijua. Wote tuliofanya Jiografia tulisoma kilimo cha ngano Kenya na Kanada. Manitoba, Saskatchewan, Alberta, tuliimba kama wimbo. Swali lilikuwa linakuja: kwa nini ngano nyingi ya prairie hupandwa majira ya kuchipua? Jibu: baridi ni kali, msimu usio na jalidi ni mfupi. Nilipata alama zote hapo. Mkulima wa huko anajua msimu wake ni mfupi, anapanga mbegu yake kwa hesabu. Mimi na cheti changu nikapelekwa na raba za kitambaa mwanzo wa baridi, na sikukumbuka hata ukurasa. Ngano ilipangiwa vizuri kuliko mimi.

Kwa hivyo ajenti, kama uko hapa, na najua mko: weka bango la 12 Oktoba 2019. Tawi limelala juu ya gari, mtaa hauna taa. Andika bei ya koti chini ya bei ya karo, kwa herufi za saizi ile ile. Atakayetaka kwenda bado ataenda.

Na nyinyi wenzangu mlio huko, wekeni picha ya pili pia.

Kuna dem yuko inboksi, anasafiri tarehe 24 mwezi huu kwenda Saskatoon. Ajenti amemwambia nini? Limuru, bila shaka. Nimemwambia anitumie saizi ya viatu vyake. Buti zangu bado ziko kwa begi chini ya kitanda, namba 39, na akiwa 38 atavaa soksi mbili.