Kiswahili na Lugha Nyingine: Pendekezo Letu kwa Kongamano la Data

Safu hii tunaiandika watu watatu wa miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, na kwa kawaida tunazungumzia chakula, muziki au mitihani. Mara hii tunazungumzia fomu. Ni fomu ya kuomba nafasi ya kutoa mada kwenye kongamano la teknolojia ya data, na imetukalisha macho kuliko mtihani wowote wa muhula huu.

Kwa wasioyajua makongamano haya: miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, waandaaji hutoa wito wa mapendekezo. Yeyote anaruhusiwa kuleta. Hakuna anayekuuliza shahada, na katika makongamano mengi hakuna anayekuuliza umri. Unajaza kichwa cha mada, muhtasari utakaosomwa na watu wote, maelezo ya siri kwa wahakiki tu, kiwango cha wasikilizaji (wanaoanza au waliobobea), na wasifu wako mfupi. Wengine huficha majina katika mchujo wa kwanza, kwa hiyo ukiandika jina la chuo chako ndani ya maelezo unajiharibia. Kisha unasubiri barua pepe.

Milango ya karibu ipo. PyOhio, kongamano la lugha ya programu ya Python, lilianza mwaka 2008 mjini Columbus, na kiingilio ni bure. Louisville ina kongamano lake la wataalamu wa programu, code PaLOUsa. Watu wa hifadhidata wana SQLSaturday, iliyoanza Orlando mwaka 2007 na kusambaa miji mingi, nayo pia ni bure na hufanyika Jumamosi, siku ambayo mwanafunzi hana darasa. Huko nyumbani mambo yamechangamka kutuzidi. Deep Learning Indaba ilifanyika Nairobi mwaka 2019, DjangoCon Africa ikafanyika Zanzibar Novemba 2023, na mwaka huohuo kongamano kubwa la ICLR lilikwenda Kigali. Mwenzetu wa Buffalo husema Toronto iko karibu naye kuliko miji mingi ya Marekani, lakini aliyekuja kama mkimbizi na bado hana uraia havuki Peace Bridge kwa kadi ya chuo. Anahitaji hati maalumu ya kusafiria, na hati hiyo ina foleni yake. Kwa hiyo tulichagua makongamano ya upande huu wa mto.

Sasa mada yenyewe. Ofisi ya Sensa ya Marekani hufanya utafiti kila mwaka, nje ya ile sensa ya miaka kumi, kwa kuchagua anwani zipatazo milioni 3.5. Kati ya maswali yake mna matatu ya lugha, kwa kila mtu wa miaka mitano na kuendelea: je, nyumbani anazungumza lugha isiyo Kiingereza? Ni lugha gani? Na Kiingereza chake ni kizuri kiasi gani? Majibu ndiyo yanayotengeneza majedwali ambayo hospitali, shule na mahakama huyatazama.

Kabla ya mwaka 2016, jedwali kubwa la lugha lilikuwa na mstari mmoja tu kwa bara letu zima: lugha za Kiafrika. Basi. Kihausa, Kiswahili na Kizulu kwenye sahani moja. Kuanzia data za 2016 mambo yaliboreshwa, na sasa kuna mstari unaosema Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Angalau jina letu limeandikwa. Lakini hilo neno "au" limebeba mzigo mkubwa! Humo mna Kiganda, Kishona, Kibemba na kila jirani. Tena jedwali hilo ni la maeneo makubwa. Ukitaka kujua mtaa wako, unapewa jedwali fupi lenye makundi 12 ya lugha zisizo Kiingereza, na humo Kiswahili hakitajwi kabisa. Kinaangukia mstari wa mwisho, wa lugha nyingine na zisizotajwa.

Tulianza kucheka, halafu tukauliza nyumbani kwetu. Fomu ina nafasi ya lugha moja kwa mtu mmoja. Mama wa mwenzetu wa Columbus ni wa wale waliokuja kutoka bonde la Juba, Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka maeneo ya nyuma ya Tanga. Nyumbani kwao wanasema Kizigua, Kiswahili walikikuza kambini Kenya, na Kisomali wanakijua. Alipoulizwa angeandika nini, alijibu kwa swali: "Anayeuliza ni nani, na anataka nini?" Baba wa mwenzetu wa Buffalo ni wa Fizi, Kivu ya Kusini. Kwa ndugu zake ni Kibembe, kwa watoto ni Kiswahili, kanisani ni Kiswahili, kwa barua za serikali ni Kifaransa. Yeye angeandika Kifaransa, kwa sababu anadhani mkalimani wa Kifaransa atapatikana haraka zaidi. Wazazi wa Louisville ni Wakenya kutoka Machakos. Wao wangejibu kwamba nyumbani wanasema Kiingereza tu, na hapo Kikamba chao na Kiswahili chao vinatoweka kabla ya kufika kwenye jedwali lolote.

Kaya tatu, zote za wanachama wa klabu ya Kiswahili, na huenda hakuna hata moja itakayohesabiwa kama ya Kiswahili.

Kuna anayeuliza: hesabu tu, ina uzito gani? Ina uzito. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kifungu chake cha sita, inakataza wanaopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa asili ya taifa, na kwa miaka mingi ilifahamika kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu hajui Kiingereza kunaingia humo. Mwongozo wa Wizara ya Sheria wa mwaka 2002 ulitoa kipimo cha kutafsiri nyaraka muhimu: kundi la lugha likifika asilimia 5 ya wanaohudumiwa au watu 1,000, kile kilicho kidogo. Sasa mtu atajuaje kama Waswahili wa eneo lake wamefika 1,000 ikiwa wamo ndani ya "lugha nyingine na zisizotajwa"? Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyosimamia jambo hili ilifutwa Machi 2025, lakini sheria ya 1964 bado ipo, na hospitali bado zina wagonjwa. Yeyote kati yenu aliyewahi kumtafsiria bibi yake maneno ya daktari akiwa na miaka kumi na mmoja anajua tunachosema.

Habari njema ni kwamba njia ya kuchambua ipo. Ofisi hiyohiyo hutoa sampuli ya rekodi za mtu mmoja mmoja zilizoondolewa majina na anwani, kwa matumizi ya umma. Ndani yake Kiswahili kina msimbo wake, peke yake. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kukitoa Kiswahili kwenye kapu na kukadiria idadi, pamoja na kiwango cha mashaka ya makadirio hayo. Kasoro ni kwamba rekodi hizo hazitaji eneo lenye watu chini ya 100,000. Mtaa hauonekani.

Hapo ndipo tulipogombana, na ugomvi huo ulichukua wiki mbili. Mwenzetu wa Louisville alitaka tuongeze ramani. Alikuwa na wazo la kuunganisha makadirio hayo na orodha za makanisa, misikiti na maduka yenye mabango ya Kiswahili, ili ramani ishuke hadi mtaani. Ramani hupendwa na wahakiki. Slaidi yenye ramani hukumbukwa. Mwenzetu wa Buffalo alikataa kabisa. Alisema ramani inayomwonyesha muuguzi walipo wasema Kiswahili inamwonyesha na mtu mwingine asiyekuja kwa heri, na kwamba katika miaka hii ya misako ya uhamiaji hatuwezi kuchagua nani ataifungua. Louisville akajibu kwamba tukijificha kwenye data tutaendelea kukosa wakalimani, na wanaoumia kwa kukosa wakalimani ni walewale. Wote wawili walikuwa na hoja. Columbus alikaa kati, akasema kitu ambacho kilitufikisha mahali: Ofisi ya Sensa yenyewe imeweka mpaka wa watu 100,000 ili watu wasitambulike, na sisi watoto wa watu hao hatuna sababu ya kuwa wakali kuliko serikali katika kuwafichua. Tukakubaliana: hakuna ramani chini ya mpaka huo. Tena tukaiweka habari ya kukataa ramani ndani ya mada yenyewe, dakika tano nzima.

Rasimu tuliiandika kwanza kwa Kiswahili. Hilo tunalipendekeza kwa kila mwanachama hata kama kongamano ni la Kiingereza. Kwa Kiingereza mkono wetu hukimbilia maneno makubwa ya kibiashara; kwa Kiswahili ilibidi tuseme tunataka nini. Muhtasari wetu ni huu:

"Jedwali la serikali linaweka Kiswahili mstari mmoja na lugha nyingine nyingi. Mada hii inaonyesha jinsi ya kukitenga kwa kutumia rekodi za umma na programu ya bure, jinsi ya kusoma mashaka yaliyomo kwenye makadirio ya makundi madogo, na mahali pa kusimama ili watu wasitambulike. Msikilizaji ataondoka na njia anayoweza kuitumia kwa lugha yoyote iliyomezwa na neno 'nyingine' katika data zake. Haihitaji ujuzi wa takwimu zaidi ya wastani na asilimia."

Sentensi ya tatu ndiyo iliyotuchosha. Kongamano moja, ambalo hatutalitaja, lilikuwa limetukatalia pendekezo la kwanza. Wahakiki wawili walitoa maoni. Mmoja aliandika kwamba mada ni finyu, inahusu watu wachache. Tulikasirika, kwa sababu tatizo la watu wachache ndilo mada yenyewe. Wa pili ndiye aliyetufaa: aliuliza msikilizaji anayefanya kazi benki au kiwandani ataondoka na nini Jumatatu asubuhi. Swali la haki. Kila hifadhidata ina mstari wa "nyingine", na kila mstari wa "nyingine" una mtu ndani yake anayejua jina lake. Tukaliandika jibu hilo, na mada ikapanuka bila Kiswahili kuondoka.

Katika maelezo ya siri kwa wahakiki tuligawa dakika 30 hivi: tano kwa fomu na kaya tatu, kumi kwa kuonyesha kazi hatua kwa hatua, tano kwa makadirio na mashaka yake, tano kwa ramani tusiyoichora, tano kwa maswali. Mgawanyo wa dakika unaonekana jambo dogo, ila bila huo mhakiki hana njia ya kujua kama umefikiri au umeota tu. Usiahidi onyesho la moja kwa moja linalotegemea intaneti ya ukumbini. Na kama dakika 30 zinakutisha, makongamano mengi yana mada za dakika tano, ambazo hujiandikishia hapohapo siku hiyo. Hakuna mchujo, na mwendo wake ni kama wa mashindano yetu ya methali.

Wasifu ndio ulioleta kicheko. Tunajiitaje? Darasani tunaitwa wanafunzi wa lugha ya urithi, neno ambalo shangazi mmoja wa Louisville alipolisikia aliuliza nani amekufa. Tuliishia na maneno machache: wanafunzi watatu wa shahada ya kwanza, waliokulia katika nyumba zenye Kiswahili. Inatosha.

Ruhusa za wazazi bado. Baba wa Buffalo amekubali mfano wake utumike bila jina. Wazazi wa Louisville wamekubali pia, kwa sharti kwamba watu wasidhani wamesahau Kikamba. Mama wa Columbus hajajibu. Ameomba asomewe mada yote kwa Kiswahili kwanza, kisha aelezwe kwa Kizigua zile sehemu ngumu, na mwenzetu anakwenda nyumbani Jumapili kwa kazi hiyo. Akikataa, dakika tano za mwanzo zitakuwa na kaya mbili.

Fomu inafungwa Ijumaa inayofuata, saa sita usiku kwa saa za mashariki. Rasimu ya Kiingereza na ya Kiswahili zote ziko kwenye folda ya klabu. Walimu wenye nafasi, tunaomba kalamu yenu nyekundu ifike kabla ya Jumatano.