Mekatilili aliitwa mchawi. Leo vikongwe Kilifi wanauawa kwa jina lilo hilo

MJINI Malindi, sanamu ya Mekatilili wa Menza imesimama tangu mwaka wa 2010 katika bustani iliyopewa jina lake. Kwa miaka mingi sasa, mwezi wa Agosti umekuwa msimu wa Wagiriama kumwenzi kwa ngoma, maandamano na hotuba za viongozi.

Hata hivyo, mashambani mwa kaunti iyo hiyo ya Kilifi, wazee wa rika alilokuwa nalo shujaa huyo wanalala kwa hofu. Mvi na macho mekundu yametosha kumfanya mzee atiliwe shaka kuwa mchawi, na wengi wamevamiwa usiku na kukatwa kwa mapanga. Wapo waliolazimika kupaka nywele rangi nyeusi ili waonekane vijana, na wengine wakakimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze.

Mambo haya mawili, sherehe na mauaji, huzungumzwa kana kwamba hayahusiani. Ukweli ni kwamba yanahusiana sana, kwa kuwa Mekatilili mwenyewe alibandikwa jina hilo na waliotaka kumnyamazisha.

Mnyazi wa Menza, aliyekuja kujulikana kama Mekatilili, yaani mama yake Katilili, hakuwa na cheo chochote serikalini. Alikuwa mjane ambaye umri wake ulikuwa umeenda. Mwaka wa 1913, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwadai Wagiriama kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, huku ikipanga kuwahamisha waliokuwa wakilima ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki, kwenye ardhi yenye rutuba.

Mekatilili alizunguka vijijini akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ambayo kwa kawaida huchezwa matangani. Akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola, aliwafikisha wananchi Kaya Fungo, ambako wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayeshirikiana na Waingereza.

Masimulizi ya wenyeji hueleza kuwa katika mkutano ulioitwa na afisa Arthur Champion mwezi wa Agosti mwaka huo, mama huyo alimwekea mbele yake kuku na vifaranga, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku alimdonoa. Ujumbe ulieleweka na kila aliyekuwapo: mzazi hatoi mwanawe bila kupigana.

Serikali haikujibu hoja hiyo. Kuijibu kungeilazimu kueleza kwa nini mtu alipe kodi kwa nyumba aliyoijenga mwenyewe, au kwa nini ahamishwe shambani mwake. Ilikuwa rahisi zaidi kudai kwamba watu wamepumbazwa kwa uchawi na viapo. Mwezi wa Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi.

Mnamo Januari 1914 wawili hao walitoroka na kurudi nyumbani, safari ya mamia ya kilomita. Agosti mwaka huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Watu wasiopungua 150 waliuawa, nyumba zikachomwa na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena na hakurejea hadi 1919. Alifariki miaka michache baadaye, akazikwa Bungale, Magarini.

Mbinu hiyo haikutumiwa Pwani pekee. Miongoni mwa Wakipsigis, serikali iliwaona viongozi wa ukoo wa Talai, waliokuwa na mamlaka ya kidini, kuwa waganga wachochezi. Mwaka wa 1934 ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa, na familia zao zikahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Huko nako suala la uchawi lilifunika suala la utawala na ardhi.

Wahenga walisema mkataa wengi ni mchawi. Kwa kipimo hicho, mchawi wa mwaka wa 1913 hakuwa Mekatilili, aliyesimama na umma wa Wagiriama, bali serikali iliyoukataa.

Tukirudi Kilifi ya leo, tunaona jina lilo hilo likifanya kazi ile ile. Viongozi wa mitaa na watetezi wa haki za binadamu wamerudia kusema kwamba nyuma ya tuhuma nyingi za uchawi kuna mzozo wa ardhi. Bei ya mashamba imepanda. Mashamba mengi ya ukoo hayajagawanywa wala hayana hatimiliki, na mzee ndiye anayejua mipaka na ndiye anayekataa kuuza. Kijana anayetaka pesa za haraka hana hoja ya kumshinda mzee huyo barazani. Akishamwita mchawi, hahitaji hoja tena, na majirani nao hunyamaza.

Sheria ya Uchawi ya mwaka wa 1925, ambayo Kenya iliirithi kutoka kwa mkoloni, inaharamisha kumtuhumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa tuhuma ikipelekwa kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine. Lakini tuhuma zinazoua hazipelekwi huko. Hunong'onwa matangani, mtoto anapofariki ghafla, na mashahidi wa mauaji yanayofuata huwa ni jamaa wasiotaka kutoa ushahidi dhidi ya ndugu yao.

Kwa hivyo, kuwajengea wazee makao ya kukimbilia ni jambo jema, ila halitoshi. Mzee anayeishi hifadhini ameshaondolewa shambani mwake, na aliyemtisha amepata alichokitaka. Kinachohitajika ni kupima na kusajili ardhi za koo wazee wangali hai, kuweka zuio la kuuza shamba lolote ambalo mwenyewe ameuawa au amefukuzwa, na kuwalinda mashahidi. Pasipo faida, wengi wa wanaowaona wazee wao kuwa wachawi watapona maradhi hayo.

Viongozi wanaopanda jukwaani kila Agosti wana nafasi ya kulisema hili waziwazi, mbele ya vijana wanaokuja kucheza ngoma. Mekatilili alikuwa bibi mwenye mvi aliyekataa kuiachia ardhi ya watu wake. Vikongwe wengi wanaowindwa leo Ganze na Magarini wanafanya jambo lilo hilo.