Boga Kubwa na Fungu la Jirani

Kina mama wa Kitale na Bungoma hupanda maboga kati ya mahindi mvua za Machi zinapoanza. Hula majani kwanza, kisha tunda. Anayeanza kulima boga kubwa mno na atenge shina moja, alitie samadi iliyooza, na asubuhi mapema apake vumbi la manjano la ua dume katika ua jike, lenye kitunda chini yake. Kisha abakishe tunda moja, mengine ayakate yangali machanga.

Ukubwa wa moja ni upungufu wa mengi. Basi mashina yaliyosalia yalishe watoto. Anas bin Malik (r.a.) alimwona Mtume (s.a.w.) akitafuta mumunye, nduguye boga, pembezoni mwa sahani: neema huliwa. Likikomaa lako, likatwe, jirani apate fungu lake.