TUIPIME MIONZI KABLA YA KUIOGOPA

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ulimwengu umekwisha kuumwa. Mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945, na ajali ya mtambo wa Chernobyl ya mwaka 1986, yamelivika neno "mionzi" kivuli cha mauti. Hatushangai, basi, wananchi wa visiwa vyetu wakishtuka kila walisikiapo. Lakini ni wajibu wetu kuuliza: yupi ni nyoka, na upi ni ung'ongo?

Kwanza tuukubali ukweli mmoja. Hapana binadamu aishiye bila ya mionzi. Hutoka ardhini, hutushukia kutoka angani, na imo ndani ya chakula chetu. Ndizi tuilayo ina potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo hutoa mionzi. Hali kadhalika miili yetu wenyewe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kuwa mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na maumbile peke yake. Zaidi kidogo ya nusu yake hutokana na gesi ya radoni, ambayo hutoka ardhini nasi tukaivuta pamoja na hewa.

Kwa kipimo hicho na tuzitazame hofu zetu. Picha moja ya eksirei ya kifua ni kiasi cha milisiveti 0.1, yaani sawa na tunachopata katika maumbile kwa muda wa wiki mbili hivi. Mzazi anayemzuia mtoto mwenye kikohozi kirefu asipigwe picha hiyo anaukimbia ung'ongo na kumkumbatia nyoka. Kwani kifua kikuu kisichotibiwa huua karibu nusu ya wanaokiugua. Mawimbi ya simu na redio nayo hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama iliyo nayo eksirei.

Je, maana yake ni kwamba hapana hatari? La, hasha! Milisiveti 4,000 au 5,000 zikimpata mtu kwa mkupuo, nazo asitibiwe, zaweza kumwua. Hata hospitalini, siti-skani moja ya tumbo huweza kufikia milisiveti 8 au zaidi, sawa na zaidi ya miaka mitatu ya mionzi ya maumbile. Hiyo ifanywe kwa sababu ya ugonjwa, si kwa kutaka tu. Mama mjamzito amweleze daktari hali yake kabla ya kupigwa picha. Naye mfanyakazi wa chumba cha eksirei, ambaye husimama humo kila siku, ni haki yake kupewa aproni ya madini ya risasi na kipima mionzi cha kuvaa kifuani, na kipima hicho kisomwe kwa wakati.

Tena yupo nyoka mwingine ambaye hatumwogopi kwa kuwa tumemzoea: jua. Mionzi yake ya urujuanimno ni ya aina nyingine, lakini huleta saratani ya ngozi, na ndugu zetu wenye ualbino ndio wanaoangamia kwayo wakiwa bado vijana. Mtoto mwenye ualbino hafai kusimamishwa uwanjani kwenye jua la saa saba bila ya kofia wala mikono mirefu. Mafuta ya kumkinga ngozi yahesabiwe kuwa ni dawa, si mapambo.

Kwa watendaji wa Serikali tuna neno moja. Nchi yetu inayo Tume ya Nguvu za Atomu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Vipimo vinavyochukuliwa kwenye mashine za hospitali na katika vyakula vinavyoingia bandarini visiishie kwenye majalada. Vielezwe kwa Kiswahili chepesi, skulini, misikitini na kwenye mikutano ya shehia. Uvumi hustawi pale penye kimya cha wakubwa.

Tangu chuoni tumefundishwa kuwa kila kitu kimeumbwa kwa kadiri yake. Hofu nayo na iwe kwa kadiri. Tuwashe taa, tumtazame nyoka alipo, na ung'ongo tuusuke ukili.